Kikundi cha kuacha pombe: Namna ya kukipata na yanayokusubiri humo

Na Mwandishi Wetu

KUACHA pombe kwa siku moja ni jambo ambalo karibu kila mnywaji amekwisha kulifanya. Wengine wameacha mara kumi, wengine mara ishirini. Wameacha wakati wa Kwaresima au Ramadhani, wameacha baada ya ajali ya pikipiki, wameacha baada ya mke kufungasha virago na kurudi kwao.

Lililo gumu ni siku ya thelathini. Mshahara umetoka, wenzako wamekwisha kuketi katika baa ya pale kona, mwili unadai na moyo unashawishi, na hakuna hata mtu mmoja wa kumweleza kinachokupata bila ya yeye kukuhubiria au kukucheka.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na vikundi vya kusaidiana vya watu walioacha au wanaotaka kuacha pombe. Vipo katika Afrika Mashariki, japokuwa si vingi na havijitangazi, na ndiyo maana mtu anaweza kuishi mtaa mmoja na kikundi kwa miaka mitano asijue kama kipo.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake iliyotolewa mwaka 2024, lilieleza kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanane wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia pombe.

Serikali zetu kwa kiasi kikubwa zimeshughulika na chupa. Tanzania ilipiga marufuku pombe za kwenye mifuko ya plastiki, maarufu kwa jina la viroba, kuanzia Machi 1, 2017. Kenya ilitunga mwaka 2010 sheria ya kudhibiti vileo, sheria ambayo pia iliihalalisha chang'aa kwa masharti ya ubora. Hatua hizo zina maana yake. Lakini mtu ambaye tayari hawezi kulala bila kunywa hakuponywa na kutoweka kwa kiroba dukani. Alihamia kwenye gongo, ulanzi au mbege.

Kwa bahati nzuri, kukutana kwa duara na kusaidiana si jambo geni kwetu. Tuna upatu, tuna VICOBA, tuna vyama vya kufa na kuzikana. Kikundi cha kuacha pombe kinafanana navyo kwa kuwa kila mwanachama anahitaji wenzake ili yake yamnyookee. Kinatofautiana navyo katika jambo moja kubwa: hakuna kiingilio, hakuna mkopo, na hakuna anayekuandika daftarini ukikosa kuja.

Kikundi kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA, jina ambalo kwa Kiswahili tungeweza kusema ni walevi wasiotajwa majina. Kilianza Marekani mwaka 1935, na chanzo chake kinafaa kusimuliwa kwa sababu ndicho kinachoeleza namna kinavyofanya kazi hadi leo.

Mei mwaka huo, William Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu nyuma, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na hoteli aliyofikia ilikuwa na baa. Akihisi kwamba atarudia ulevi, alipiga simu kutafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye ulevi ulikuwa unamalizia kuiangamiza kazi yake.

Daktari alikubali kumsikiliza kwa dakika kumi na tano. Walikaa kwa zaidi ya saa sita. Smith alikuwa amekwisha kushauriwa na kuombewa mara nyingi, lakini safari hii aliyekuwa mbele yake alikuwa mgonjwa mwenzake, naye alikuja kuomba msaada kwa faida yake mwenyewe. Juni 10, 1935, siku ambayo Smith alikunywa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa AA. Leo mikutano yake inafanyika katika takriban nchi 180.

Kwa hiyo usitegemee kumkuta mwalimu humo. Hakuna daktari wala mtaalamu wa ushauri nasaha anayeongoza, na mwenyekiti wa mkutano ni mwanachama wa kawaida ambaye zamu imemfikia.

Je, nina tatizo?

Swali hili huwachelewesha watu kwa miaka. Kila mnywaji anamjua mnywaji mwingine aliye na hali mbaya zaidi, na kumtazama huyo humpa nafuu.

WHO ina dodoso la maswali kumi liitwalo AUDIT ambalo limefasiriwa kwa Kiswahili na kufanyiwa majaribio miongoni mwa wagonjwa wa hospitali ya KCMC mjini Moshi. Linauliza unakunywa mara ngapi na kiasi gani; kama ukishaanza hushindwa kuacha; kama asubuhi huhitaji kuzimua ndipo ufanye kazi; kama umewahi kusahau kabisa yaliyotokea usiku uliopita; kama wewe au mtu mwingine ameumia kwa sababu ya unywaji wako; na kama ndugu, rafiki au daktari amekwisha kukushauri upunguze. Alama zinakwenda hadi 40. Kwa kawaida anayefikisha alama 8 huhesabiwa kuwa unywaji wake una hatari, na aliyefikia 20 anapaswa kuchunguzwa kama mwili umekwisha kuwa tegemezi.

AA yenyewe haina kipimo. Sharti lake la uanachama ni moja tu, nalo ni nia ya kuacha kunywa. Huhitaji kuwa umeacha, wala kuwa umefukuzwa kazi au kulala mtaroni. Mtu anayekunywa bia nyumbani kwake kwa staha, mlango umefungwa, ana haki ya kiti sawa na aliyeokotwa barabarani.

Kabla ya kikundi, daktari

Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili linaua na halisemwi vya kutosha.

Mtu aliyezoea kunywa kila siku kwa wingi hapaswi kuacha ghafla peke yake nyumbani. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe kila siku, ukiinyimwa ghafla huchachamaa. Kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho humtoka mtu, moyo huenda mbio, na usingizi hutoweka. Katika siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huchanganyikiwa kabisa, hupata homa, huona wadudu au watu wasiokuwapo na kuzungumza nao.

Katika hatua hiyo familia nyingi husema jamaa amerogwa au amepandwa na mashetani, wakampeleka kwa mganga au kwenye maombezi, na mgonjwa akafia njiani. Hali hiyo ni dharura ya hospitali kama ilivyo malaria kali. Madaktari wanazo dawa za kutuliza ambazo hupunguzwa kidogo kidogo kwa siku chache, na humpa mgonjwa vitamini B1, ambayo mlevi wa muda mrefu huwa amepungukiwa.

Kwa hiyo, ikiwa unaamka ukitetemeka hadi uzimue, au umewahi kupata degedege ulipoacha, anza na hospitali. Kikundi kitakusubiri. Zipo pia dawa zinazopunguza hamu ya pombe, ambazo daktari anaweza kukuandikia, na kuzitumia hakukuzuii kuhudhuria mikutano. Ukikutana na mwanachama anayekuambia utupe dawa ulizopewa na daktari, jua kwamba hayo ni maoni yake binafsi na wala si kanuni ya AA.

Wapi pa kuuliza

Pa kuanzia ni kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa au ya rufaa iliyo karibu nawe. Wengi huogopa neno akili, lakini ndiko waliko wauguzi na maofisa ustawi wa jamii wanaojua vikundi vilivyo hai na vile vilivyobaki jina tu. Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe jijini Dodoma, Kidongo Chekundu mjini Zanzibar na Mathari jijini Nairobi ni hospitali ambazo kuulizia habari za ulevi hakumshangazi mtu.

Nchini Kenya, NACADA ina simu ya msaada isiyolipiwa, namba 1192, ambayo humwelekeza mpigaji kwa washauri na vituo vya tiba. Mikutano ya AA imekuwa ikifanyika Nairobi kwa miaka mingi, na ipo pia Dar es Salaam. Mara nyingi hukutana katika kumbi zilizoazimwa kwenye makanisa, jambo linalowafanya watu wadhani kuwa ni shughuli za kanisa. Tovuti ya AA huelekeza namna ya kuwasiliana na wahusika katika nchi mbalimbali. Kabla ya kufunga safari, piga simu kuhakikisha, maana ratiba hubadilika na ukumbi huhamishwa bila tangazo.

Zanzibar na miji kadhaa ya Tanzania Bara zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambazo vijana huziita soba. Zilianza visiwani mwaka 2009, hasa kwa waraibu wa heroini, lakini mafunzo yake yanatokana na hatua zile zile kumi na mbili za AA, na watu waliopitia humo mara nyingi ndio wanaojua mkutano ulipo. Ukitaka kumlaza ndugu yako katika nyumba ya namna hiyo, omba kwanza kuona kibali chake na umuulize msimamizi ni mhudumu gani wa afya anayewatembelea. Mahali panapotumia minyororo au viboko hapaponyi ulevi, hata pakiwa na bango zuri namna gani.

Aliye mbali na miji hiyo hakutupwa. Tangu janga la korona mwaka 2020 mikutano mingi imehamia kwenye intaneti, na mingi haikurudi tena kumbini. Inatosha kuwa na simu ya kawaida ya intaneti na vifaa vya masikioni ili jirani asisikie. Mkutano wa London wa saa moja jioni huangukia saa tatu au saa nne usiku kwetu, kutegemea msimu wao, saa ambazo baa huwa zimechangamka. Tatizo lililobaki ni lugha, kwani mingi huendeshwa kwa Kiingereza.

Utafiti mmoja mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 1981 una somo kubwa kwa watoa huduma. Wagonjwa 20 waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza walipewa maelezo ya mahali na saa za mikutano na kuhimizwa waende. Kundi la pili, mshauri alipiga simu papo hapo kwa mwanachama, akazungumza na mgonjwa, wakapanga kukutana na kwenda pamoja. Wa kundi la pili wote walihudhuria. Wa kundi la kwanza hakwenda hata mmoja. Basi daktari au mchungaji anayetaka kusaidia asitoe karatasi yenye anwani, apige simu.

Ndani ya mkutano

Mkutano huchukua saa moja hadi saa moja na nusu. Kuna mikutano ya wazi, ambayo mke, ndugu, mwanafunzi au yeyote anaweza kuhudhuria, na kuna ile iliyofungwa kwa wenye tatizo pekee. Kwa mara ya kwanza ulizia ni upi. Fika dakika kumi kabla. Mtu wa kukukaribisha chai atakuwapo, na ni rahisi zaidi kuingia chumba chenye watu watatu kuliko chenye ishirini.

Mwenyekiti hufungua kwa maandishi mafupi ya kikundi, kisha watu huzungumza mmoja mmoja. Kila mmoja hutaja jina lake la kwanza na kusema kwamba ni mlevi, nao wenzake humwitikia kwa jina. Neno hilo linachoma mara ya kwanza. Katika Kiswahili mlevi ni tusi, na hapana ubaya mgeni akisema tu jina lake na kwamba amekuja kusikiliza. Hakuna anayelazimishwa kusema. Zamu ikikufikia unaweza kupisha.

Jambo litakalokushangaza ni kwamba mtu akishazungumza hakuna anayemjibu, kumsahihisha wala kumshauri. Kwa sisi tuliozoea vikao vya ukoo, ambamo kila mzee ana neno la kumalizia, ukimya huo unaweza kuonekana kama dharau. Kusudi lake ni kumwezesha mtu kusema la aibu bila kuhukumiwa. Mazungumzo ya ana kwa ana huja baadaye, watu wakiwa wamesimama na vikombe vyao mlangoni, na mara nyingi hapo ndipo msaada halisi unapopatikana.

Kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya ukumbi na chai. Mgeni hatakiwi kuchanga. AA haipokei fedha kutoka nje, iwe za serikali, wafadhili au kampuni. Kwa hiyo anayekudai ada ya kujiunga kwa jina la AA anakutapeli.

Kuhusu siri, tuseme ukweli. Hakuna sheria itakayomshitaki mwanachama akifungua mdomo. Kinachokulinda ni desturi na maslahi ya kila mmoja. Katika mji mdogo hofu ya kuonekana ni kubwa, hasa kwa mwalimu, askari au mtumishi wa benki. Lakini aliyekuona humo, nawe umemwona humo. Wengine huchagua mkutano wa mji wa jirani kwa miezi ya mwanzo, na hilo halina ubaya.

Wapo wanaokwazwa na habari za Mungu, kwa kuwa hatua kumi na mbili zinamtaja na mikutano mingi hufungwa kwa sala. Mwislamu anaweza kujiuliza anafanya nini katika ukumbi wa kanisa, na asiyeamini anaweza kuondoka kabla ya chai. AA haifungamani na dini yoyote na humwachia kila mtu amwelewe Mungu, au nguvu iliyo kubwa kuliko yeye, kwa namna yake. Kwa Waislamu kulianzishwa Marekani mwaka 1989 kikundi cha Millati Islami, kinachofuata hatua zinazokaribiana kwa misingi ya Kiislamu. Wasiopenda kabisa sura ya kidini wanaweza kutafuta mikutano ya intaneti ya SMART Recovery, ulioanza mwaka 1994 na unaotumia mbinu za saikolojia.

Baada ya wiki chache utashauriwa kutafuta mdhamini, au sponsa kama wengi wanavyomwita. Si mdhamini wa mahakamani na hatakuwekea bondi. Ni mwanachama mkongwe wa jinsia yako ambaye unampigia simu hamu inapokujia, kabla hujanywa. Amekwisha kupita hatua hizo, naye atakupitisha, ikiwamo ile inayowatoa wengi jasho ya kuwaorodhesha uliowadhuru na kuwafuata kuomba radhi. Usikimbilie kuifanya hiyo wiki ya kwanza.

Mkutano mmoja hautoshi kutoa hukumu. Nenda angalau mara sita, ikiwezekana katika vikundi viwili tofauti, kwani kimoja kinaweza kuwa cha wazee watupu na kingine kikawa na watu wa rika lako. Nchi zenye mikutano mingi mgeni huhimizwa kuhudhuria mikutano 90 katika siku 90. Kwetu, penye mkutano mmoja kwa wiki, siku sita zilizobaki zitajazwa na simu.

Na ukinywa katikati ya safari? Rudi mkutano unaofuata. Hakuna atakayekufukuza, na pengine nusu ya waliomo wamepitia hapo. Hesabu ya siku huanza upya, jambo linalouma, ila uliyojifunza hayafutiki. Usije tu ukiwa umelewa ukataka kuzungumza, keti usikilize.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 2020 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulichapisha mapitio ya tafiti 27 zilizohusisha watu 10,565. Ilionekana kuwa wagonjwa walioandaliwa kitaalamu kuingia AA, asilimia 42 walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na asilimia 35 ya waliopata tiba nyingine za kisaikolojia. Tofauti si ya miujiza, na nyingi ya tafiti hizo zilifanyika Marekani. Lakini kwa huduma isiyotozwa hata senti moja, katika nchi zenye madaktari wachache wa magonjwa ya akili, si jambo la kupuuza.

Wanawake wana mzigo wa ziada. Mwanamume mlevi huchekwa, mwanamke mlevi hutengwa, na wengi wao hunywa kwa siri hadi ini linaposhindwa. Mwanamke akiuliza kuhusu mkutano, na aulize kama upo wa wanawake pekee. Kama haupo, aombe namba ya mwanachama mwanamke wa kumsindikiza.

Familia nayo ina kikundi chake, Al-Anon, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1951 kwa ajili ya wake, waume, wazazi na ndugu wa walevi. Humo hawafundishwi namna ya kumwachisha mtu pombe. Wanajifunza kuacha kumlipia madeni ya baa, kuacha kumdanganyia bosi kwamba anaumwa malaria, na kuanza tena kulala usiku. Mke anaweza kuhudhuria hata kama mume ameapa kwamba hana tatizo lolote.

Penye kijiji au wilaya isiyo na kikundi chochote, kanuni za AA zinaruhusu watu wawili wenye nia ya kuacha pombe kukutana na kujiita kikundi, mradi wasijifungamanishe na taasisi nyingine. Kinachohitajika ni chumba, saa isiyobadilika, birika la chai, na mmoja kati yao kuwa tayari kukaa pale peke yake wiki ambazo mwenzake hakutokea.